Mama ana presha na goti linamsumbua: nimpeleke Enchanted Rock?

*"Naishi Houston na familia yangu. Mama yangu, miaka 66, amekuja kututembelea kutoka Mwanza na ataondoka mwisho wa Novemba. Ana presha, anameza dawa kila siku, na goti la kulia humuuma akishuka ngazi. Mume wangu ana nafasi wikiendi ya kwanza ya Agosti, tumepanga kumpeleka Enchanted Rock, ule mlima wa jiwe tupu ulio katika hifadhi hapa Texas, pamoja na mwanetu wa miaka 7. Mama anasema yeye kazaliwa kwenye mawe, lazima afike kileleni. Mimi nina hofu. Mwenzangu kazini ameniambia ile ni volkano iliyozimika, kwamba kule juu hewa ni nyembamba, na kwamba usiku jiwe hulia kwa sababu lina mizimu. Je, ni salama kwa mama? Tukitoka Houston Jumamosi asubuhi tupande mchana tukifika, ni sawa? Na mtoto anaweza kuingia lile pango la juu?"*

Dada yangu, hofu yako ina msingi, ila umeelekezwa kuogopa vitu visivyo vyenyewe. Volkano, hewa nyembamba na mizimu viweke pembeni, nitavieleza. Kinachoweza kumdhuru mama ni jua la Agosti juu ya jiwe tupu, na njia ya kushuka. Jibu langu kwa kifupi: mpelekeni, lakini msiende Agosti mchana. Kama mnaweza kusubiri hadi Novemba kabla hajaondoka, subirini.

Tuanze na hewa, maana hilo ndilo rahisi. Kilele cha Enchanted Rock kiko takribani mita 556 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Victoria pale Mwanza yako mita 1,134. Kwa hiyo hata mama akisimama juu kabisa ya jiwe lile atakuwa chini sana kuliko anapolala kila siku nyumbani kwake. Akihema, atakuwa anahema kwa sababu ya mlima na joto. Hewa haina kosa. Mwinuko wenyewe, kutoka maegesho hadi juu, ni kama mita 130, na njia ya kupanda ni takribani kilomita 1.3 kwenda tu. Kwa mtu anayepanda na kushuka vilima vya Mwanza kwenda sokoni, hizo si namba za kutisha. Ila vilima vya Mwanza vina nyumba, miti na mahali pa kuomba maji.

Volkano nayo si kweli, ingawa naelewa kosa lilikotoka. Mwamba ule ulianza kama ujiuji wa moto, hilo ni sahihi. Lakini haukutoka nje kama lava ya Oldoinyo Lengai. Ulikwama kilomita kadhaa chini ya ardhi, ukapoa polepole mno, kiasi miaka bilioni 1.1 iliyopita. Kupoa polepole ndiko kulikoyapa madini muda wa kukua, na mjukuu anaweza kuyaona kwa macho yake. Mwambie alale kifudifudi akaribishe pua kwenye jiwe. Chembe za rangi ya waridi, nyingine kubwa kama punje ya mhindi, ni felspa. Zile za kijivu zinazong'aa kama kipande cha chupa ni kwatzi. Vidoa vyeusi vinavyomeremeta ni mika. Mchanganyiko huo ndio graniti, na ndugu zake mama anawajua: mawe ya Bugando, Capri Point, na lile Jiwe la Bismarck pale ziwani ni jamii hiyohiyo ya graniti, isipokuwa ya kwao ni ya kale zaidi, zaidi ya mara mbili ya umri wa hili la Texas. Mama akisema kazaliwa kwenye mawe, ana haki ya kuringa.

Sasa, kwa nini Mwanza mawe yamesimama moja juu ya jingine kama yamepangwa, na hapa ni kichwa kimoja kikubwa chenye upara? Swali hilo nina hakika mama atauliza, kwa hiyo nalijibu mapema. Chukua godoro la sponji, ulilaze chini ya magunia matatu ya mchele. Ukiondoa gunia moja moja, godoro linainuka. Graniti nayo hufanya hivyo, kwa kiasi kidogo sana. Iliumbwa ikiwa imebanwa na kilomita za mwamba juu yake. Mvua na mito vilipokwangua mzigo huo kwa mamilioni ya miaka, jiwe lilitanuka kuelekea juu, na kwa kuwa ni gumu, halikunyumbuka kama sponji. Lilipasuka matabaka matabaka yanayofuata umbo la mgongo wake, kama maganda ya kitunguu. Mtakapokuwa mnapanda mtayaona maganda yenyewe: mabamba makubwa yaliyoachana na jiwe, mengine yameteleza nusu njia na kukaa pale. Mwanza, mwamba ulikuwa na nyufa nyingi za wima na za ulalo, zikaukata vipande kama mkate. Maji yakala kona chini ya udongo mpaka vikawa mviringo, kisha udongo ukaondoka, vikabaki vimebebana. Jiwe lenye nyufa chache za wima hubaki kichwa kizima. Utaratibu ni mmoja, ni nyufa tu zilizotofautiana.

Mkitokea Fredericksburg, mji ulio kama kilomita 27 kusini mwa hifadhi, angalieni kingo za barabara. Mtatoka kwenye nchi ya mawe meupe ya chokaa, masalia ya bahari ya kale, halafu ghafla udongo na mawe vinageuka rangi ya waridi. Hapo ndipo blanketi la chokaa lilipokwisha kuliwa na mmomonyoko na mwamba wa chini ukajitokeza. Mimi hupenda kusimamisha gari hapo kila nikipeleka wageni.

Kuhusu mizimu. Jina Enchanted Rock lenyewe linamaanisha jiwe lililorogwa, kwa hiyo mwenzako hakujitungia. Watonkawa, Waapachi na Wakomanchi waliokuwa katika nchi hiyo kabla ya walowezi waliliheshimu na kuliogopa, na masimulizi ya mioto inayocheza kileleni na sauti za kuguna usiku yamepokewa kutoka kwao. Sauti zenyewe zina maelezo. Jiwe linalopikwa na jua kutwa nzima hutanuka. Usiku likipoa hunywea, na yale mabamba ya maganda husuguana na kubanana, yakatoa mlio. Bati la nyumba hulia vivyo hivyo jioni jua likizama. Na ile mioto? Maji yaliyotuama au madini yanayometameta usiku wa mbalamwezi yanatosha kuieleza. Lakini mama akitaka kunyamaza kidogo au kuomba dua kabla hajaanza kupanda, mwache. Pale palikuwa mahali pa ibada kwa watu wengine kabla hapajawa mahali pa matembezi, na heshima haijawahi kumdhuru mtu.

Nije sasa kwenye lenyewe, yaani Agosti.

Mgongo wa jiwe lile hauna mti wa kukupa kivuli njiani. Agosti katika nchi hiyo ya vilima joto la mchana hufika nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi, na hilo ni joto la hewa kivulini. Graniti hula jua tangu asubuhi, hivyo saa nane mchana mama atakuwa anapigwa na joto kutoka juu na kutoka chini ya nyayo. Mpango wenu wa kutoka Houston asubuhi una tatizo hapo: ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari, na mkiongeza kusimama kula na msongamano, mnafika saa ambayo mimi huwaambia watu wateremke. Niliwahi kupanda mchana wa Juni na chupa moja ya maji, nikiwa kijana na bila ugonjwa wowote. Nilishuka kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Tangu siku hiyo sipandi tena baada ya saa nne asubuhi wakati wa kiangazi.

Kwa mama kuna jambo la ziada. Dawa nyingi za presha zina sehemu ya kukojosha, yaani hupunguza maji na chumvi mwilini. Nyingine huzuia moyo usiongeze kasi kama unavyotaka mtu anapopanda. Zote ni nzuri na zina kazi yake, ila kwenye joto kali huweza kumfanya mtu aishiwe maji haraka au apate kizunguzungu akisimama ghafla. Mimi kazi yangu ni miamba, si tiba, kwa hiyo usichukue neno langu kuwa agizo la dawa. Mpigie daktari wake kule Mwanza, au mpeleke kliniki hapo Houston, umtajie daktari majina ya dawa zote na umwulize: anaweza kupanda kilima cha mita 130 kwenye jua? Kamwe mama asiache kumeza dawa siku hiyo kwa kuogopa kwenda msalani. Nataja hilo kwa sababu nimewaona wazazi wetu wakifanya hivyo safarini, kimyakimya, ili wasisumbue watoto.

Na kama bado hana bima ya afya ya msafiri, ikate leo, kabla ya safari hii na nyingine yoyote. Unajua bili za hospitali za hapa.

Goti. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda huchosha moyo na mapafu. Kushuka ndiko kunakolibebesha goti mzigo, kwa sababu kila hatua ni breki, na uzito wote wa mwili unatua kwenye goti lililokunjwa. Mama amekwisha kukuambia: humuuma akishuka ngazi. Sasa fikiria sehemu ya juu ya njia ile, ambayo ni mteremko wa jiwe tupu bila ngazi wala kitu cha kushikilia. Kupanda atapanda, nina imani naye kabisa. Swali la kumwuliza ni kama anaweza kurudi. Kama goti linavimba, au huwa linaregea ghafla akitembea, basi aonwe kwanza na daktari au mtaalamu wa viungo, na mteremko wa juu msiujaribu. Kama ni maumivu ya kawaida ya umri, kuna namna: ashuke kwa kukata mshazari kama mbuzi, asishuke moja kwa moja, hatua fupi, magoti yamelegezwa kidogo, na fimbo yenye mpira mwisho. Wewe au mume wako atangulie mbele yake upande wa chini, asimshike mkono kwa nyuma.

Viatu ni raba zenye soli inayoshika. Kandambili hapana, hata kama ndizo anazozipenda. Najua mama huenda atataka kuvaa kitenge. Avae akipenda, lakini kisiwe cha kubana hatua wala cha kuburuzika. Khanga aitumie kichwani na mabegani, hakuna kinga ya jua nzuri kuizidi. Maji ni nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa kama kima cha chini, na joto likiwa kali mzidishe. Jazeni chupa kabla ya kuanza kupanda, maana njiani hamtapata. Beba na kitu chenye chumvi: karanga, au ndizi za kukaanga.

Kwa hiyo machaguo yenu nayaona hivi. La kwanza, ambalo ningechagua ningekuwa wewe, ni kuhamishia safari Novemba. Asubuhi huwa na ubaridi mzuri, mama anaweza kupumzika njiani bila kuungua, na mkae hata kwa muda wa saa tatu. Kasoro yake ni watu: miezi ya baridi wikiendi hujaa, na hifadhi ikijaa lango hufungwa hata kama mmeendesha kutoka mbali. Kateni nafasi ya siku mtandaoni mapema kupitia idara ya hifadhi za jimbo la Texas, na mkiweza mwende katikati ya wiki. Angalieni pia kama kuna tangazo la kufungwa siku hiyo kwa sababu yoyote. Ada ya mtu mzima ni dola 8, mtoto wenu hatalipa.

La pili, kama likizo ya mume wako haihamishiki: laleni Fredericksburg Ijumaa, muwe langoni mapema na kwenye njia saa moja asubuhi. Nasema saa za kwetu, kwa saa za hapa ni 7:00. Kabla ya saa nne muwe mmeshuka, hata kama mama atasema bado ana nguvu. Wekeni sharti kabla ya kuanza: mtakapofika pale jiwe linapoanza kusimama, mketi dakika kumi, mama anywe maji, mmtazame anavyohema. Akiweza kuongea sentensi nzima bila kukatisha, endeleeni. Asipoweza, hapo ndipo kilele chake, na mandhari ya hapo tayari ni mapana. Mume wako apande na mtoto, wewe ubaki na mama, kisha mbadilishane.

La tatu ni kutopanda kabisa. Kuna njia fupi ya mafunzo chini ya mlima na sehemu za njia ndefu inayozunguka jiwe zima, yenye urefu wa kilomita kama 7. Msiizunguke yote, tembeeni kipande tu kisha mrudi. Kutokea chini ndipo mtu anapoona umbo la kichwa kile sawasawa. Najua mama hatalipenda chaguo hili, lakini lipo, na si la aibu.

Hali yoyote ile, mkisikia ngurumo shukeni mara moja. Juu pale ninyi ndio kitu kirefu kuliko vyote, na graniti iliyolowa huteleza vibaya, hasa penye likeni, yale mabaka ya kijani na kijivu yaliyobandikana na jiwe. Mama akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu au misuli kubana, mtafutieni kivuli, alegeze nguo, mumloweshe maji shingoni na kwapani, anywe kidogokidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au mwili ukawa wa moto sana, au kifua kikimbana, piga 911 papo hapo, usingoje kuona kama itapoa. Mtandao wa simu huko hukatika sehemu nyingine, kwa hiyo mmoja akimbie kwa askari wa hifadhi langoni huku mwingine akiendelea kumpoza.

Pango, kwa mtoto wa miaka 7, nasema hapana. Si chumba kama mapango ya Amboni. Ni mwanya wa giza katikati ya mawe makubwa yaliyoangukiana, wa kutambaa, kushuka kwa mikono na kujibana, na mtu asiye na taa ya kichwani na mwenzake anayelijua asiingie. Miaka itakuja.

Badala yake mwonyeshe vidimbwi vya juu. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye jiwe lile, na wageni wengi hulipita. Kileleni kuna vishimo vifupi vilivyochimbwa na maji na barafu kwenye graniti. Mvua ikinyesha vinajaa, na baada ya siku kadhaa ndani yake huogelea vijidudu vidogo vinavyopenyeza mwanga, jamaa za uduvi, wenye kuogelea chali, miguu ikipepea juu. Jua likirudi dimbwi hukauka, uduvi wote hufa, lakini mayai yao hubaki kwenye vumbi la chini, makavu kabisa, hata miaka, yakisubiri mvua nyingine. Upepo hubeba mengine mpaka kwenye kishimo cha jirani. Vishimo vilivyokusanya udongo huota majani, kisha nyasi, mwishowe hata mwaloni, juu ya jiwe tupu. Agosti mtavikuta vikavu, na hapo ndipo hatari ilipo: mtoto huona ni mahali pa kuchezea mchanga, kumbe anakanyaga mayai. Mwambie apige magoti pembeni, atazame, asiingize mguu wala mkono.

Jambo la mwisho, ambalo nalitaja kwa sababu namjua mama wa Mwanza. Atataka kokoto moja ya waridi ya kuwaonyesha watu nyumbani. Ni marufuku kuchukua jiwe, mmea au kitu chochote cha kale ndani ya hifadhi, hata kiwe kidogo namna gani. Mweleze mkiwa bado Houston, asije akakuta ameaibishwa langoni. Mpige picha akiwa ameweka kiganja chake juu ya jiwe, karibu kiasi cha kuonekana zile chembe, na akirudi apige nyingine mkono uleule ukiwa kwenye jiwe la uani kwake.